Tundu la Chipu ya Mwari

Chipu ya mwari niliikuta Haltom City, kando ya Fort Worth, Texas, Jumamosi asubuhi, katika chumba cha kufulia nguo cha majengo ya kupanga wanakoishi Warundi wengi. Chumba kile ndicho ofisi yangu ya kujitolea. Naweka meza ya plastiki kati ya mashine ya mwisho na mlango, napanga kalamu, stempu na bahasha, na kuanzia saa nne mpaka saa saba nawasomea watu barua zao na kuwajazia fomu. Wananiita karani. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mwandishi wa habari Dar es Salaam. Hapa ninakagua hati za mizigo ya ndege huko Euless, kazi inayotaka macho yale yale na isiyomuudhi mtu. Ya Jumamosi naifanya kwa sababu watu wananihitaji, na pia kwa sababu napenda kusoma barua za wengine. Sababu zote mbili ni za kweli.

Aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni siku hiyo alikuwa mjane wa Kirundi mwenye umri wa mama yangu, mrefu, amefunga kitambaa cha bluu kichwani. Kazi yake ilikuwa kukunja mashuka hotelini, mpaka magoti yakamkatalia. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma, cha miaka mingi ya kambini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, karani wangu. Leo nimekuja na barua inayonitisha."

"Barua zote za hapa zinatisha, mama. Hata za kutangaza pizza."

Barua yenyewe ilikuwa ya zahanati, wamebadilisha siku ya miadi, lakini walitaka namba ya kadi yake ya bima. Akaanza kuitafuta kadi mkobani. Akatoa funguo, kopo la dawa ya kuchua, bahasha ya sadaka, miwani miwili, soksi.

"Mama, huo ni mkoba au lori la kuhama?" mwanamke mmoja akauliza kutoka kwenye mashine ya kukaushia.

"Fua nguo zako wewe. Ukifika umri wangu utatembea na mlango wa nyumba."

Wote wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati huo alikuwa ametoa rozari na kuiweka mbele yangu, na kwenye rozari ile, kando ya msalaba, ilining'inia chipu ya kasino, imetobolewa tundu na kufungwa kwa waya wa shaba.

Lazima nieleze hapa jambo ambalo ndugu zangu wamechoka kulieleza kwa niaba yangu. Ninakusanya chipu za zamani za kasino, yale mavidonge ya udongo mgumu ambayo mcheza kamari hupewa badala ya pesa. Mimi ni Mwislamu, kamari kwangu ni haramu, na sijawahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu. Mume wangu huwaambia wageni, "Mke wangu ndiye mcheza kamari pekee duniani ambaye hajawahi kushinda wala kushindwa." Shemeji yangu aliwahi kuniuliza kama nakusanya pia vizibo vya bia. Nilimjibu kuwa vizibo vya bia vina jina la mwenyewe.

Hapo ndipo penyewe. Nilipofika nchi hii tulianzia Houston, na mwaka wa kwanza, sina kazi, nilikuwa nazunguka kwenye minada ya vitu vya mitumba kwa ajili ya kuona watu. Muuzaji mmoja alikuwa na boksi la viatu lililojaa chipu. Nilichukua moja. Katikati ilikuwa na picha ya nanga, hakuna herufi hata moja. Nikamuuliza ni ya wapi. Akasema hajui, na kwamba ilitengenezwa ili watu kama mimi wasijue. Kamari ilikuwa imekatazwa Texas, lakini Galveston, mji wa pwani kusini ya Houston, ilichezwa kwa miaka mingi nyuma ya mikahawa na kumbi za dansi. Wenye nyumba hizo waliagiza chipu zao bila jina. Waliweka nanga, jani, nyota, ili polisi wakizikamata zisimtaje mtu. Nilinunua ile ya nanga. Kwa mtu aliyefundishwa kuuliza nani, wapi na lini, kitu kilichotengenezwa kwa ustadi mkubwa ili kisijibu ni mtego.

Baadaye nilijiunga na chama cha wakusanyaji na nikajifunza kusoma alama. Ule ukingo uliochongwa vichwa vya farasi au almasi ndogo si wa kasino, ni wa kiwanda. Kila kiwanda kilikuwa na kalibu yake ya kubania udongo. Madoa ya rangi pembeni yaliwekwa ili mlipaji aone thamani zikiwa zimepangwa mnara, bila kuzigeuza. Na kubwa kuliko yote, viwanda vilikuwa na kadi za oda. Kadi inasema: picha hii, rangi hizi, zimepelekwa anwani hii. Kadi nyingi zimepona, na wakusanyaji wamezinakili. Ukiwa na chipu mkononi na kadi mbele yako, mtu aliyejificha tangu enzi za mababu anatoka hadharani. Sijui furaha nyingine ya aina hiyo.

Chipu iliyokuwa kwenye rozari ilikuwa na mwari, yule ndege wa baharini mwenye mfuko chini ya mdomo. Amechapwa kwa dhahabu, kichwa kimeinama, ncha ya mdomo imegusa kifua. Kadi yake naijua kwa moyo: ilipelekwa mkahawa wa samaki Galveston, katika rangi nne. Ya kijani nilikuwa nayo, na nyekundu, na ya bluu. Ya nne, ya rangi ya maziwa, ndiyo iliyokuwa ya thamani ya chini kabisa, iliyopita mikono mingi na kuvunjika zaidi, na kwa hiyo iliyobaki haba kuliko zote. Nilikuwa nimeiona kwenye picha tu. Droo yangu ya tatu ina mashimo manne ya mwari yaliyowekewa kitambaa cheusi, na la nne lilikuwa tupu kwa miaka sita.

"Mama," nikasema, na nikajisikia sauti imekuwa tamu kuliko kawaida, "hiki umekipata wapi?"

"Hicho cha mume wangu." Alikuwa amefiwa mwaka uliotangulia. "Unakipenda? Wote wanakipenda."

Akanisimulia. Mumewe alikuwa katekista, Burundi na baadaye kambini. Walipoletwa Marekani waliwekwa kwanza Houston, akapata kazi ya matengenezo hotelini. Kulikuwa na mzee wa Kizungu aliyekaa katika hoteli hiyo kwa miezi, hana ndugu, na kiyoyozi chake kiliharibika kila wiki. Mume akawa anakitengeneza, na akimaliza anakaa kidogo, ingawa hawakuwa na lugha ya kuongea. Siku mzee anaondoka alifungua droo akampa chipu ile. Alimwonyesha ndege, kisha akajigusa kifuani.

"Mume wangu alimjua yule ndege mara moja," mama akasema. "Kwenye misheni yetu alikuwa amechorwa mlangoni pa tabernakulo, kile kisanduku cha komunyo. Ndege anayejidonoa kifua ili awanyweshe watoto damu yake. Ni Yesu huyo. Alirudi nyumbani jioni akaniambia, mke wangu, Mungu alitutangulia hata Houston."

"Na tundu?"

"Alitoboa mwenyewe, kwa drili ya hoteli. Drili iliteleza, akajikata kidole gumba. Damu nilifua mimi kwenye ovaroli."

Yote hayo niliyasikia. Usiku huohuo niliyaandika katika daftari, kwa maneno yake mwenyewe, kama nilivyofunzwa. Lakini pale mezani macho yangu yalikuwa kwenye ukingo wa farasi, na nilichokuwa nafikiria ni droo ya tatu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikunyamaza. Jibu nililojipa wakati ule ni kwamba ana haki ya kujua. Ni jibu zuri, nimelitumia maisha yangu yote, na mara nyingi lilikuwa sahihi. Siku ile lilikuwa na harufu nyingine. Nilijua kwamba Mkatoliki mzee, mke wa katekista, akiambiwa anachokishika wakati wa kusali ni kitu cha kamari, hatakitaka tena. Sikuyapanga maneno hayo kichwani. Lakini nilijua.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa utaratibu, kama ninavyoeleza kila kitu: kiwanda, kadi, mkahawa wa samaki, meza za nyuma. Alisikiliza mikono ikiwa imetulia juu ya soksi.

"Kamari," akasema.

"Ya zamani sana, mama. Wenyewe wote wamekufa."

"Nimemwombea mume wangu kwa kitu cha kamari."

"Hukujua. Na yeye hakujua."

Ningekomea hapo. Pengine leo ningekuwa na jambo dogo zaidi la kujutia. Lakini kulikuwa na lile tundu, na kuhusu matundu nilikuwa mtaalamu. Kasino ikifungwa, au ikibadilisha chipu, hutoboa zile za zamani ili zisirudi mezani. Wakusanyaji wanaziita zilizofutwa. Hakuna aliyewahi kuonyesha kuwa nyumba ya mwari ilifuta chipu zake. Ilidhaniwa walizitupa tu. Na hapa mbele yangu ilikuwapo moja yenye tundu.

"Ila tundu, mama," nikasema, "hilo hakutoboa yeye. Hizi hutobolewa na wenye kasino, wakizifuta."

"Alitoboa yeye."

"Labda alilipanua tu ili waya upite."

"Karani, nimekwambia damu nilifua mimi."

"Kidole anaweza kuwa alijikata na kitu kingine, mama, kazi za ufundi ndivyo zilivyo. Pengine alitaka tu kukufurahisha, uone amekutengenezea kwa mkono wake."

Alinitazama. Nimehoji watu wengi, mawaziri na wezi, na ninaujua uso wa mtu anayeachia kamba. Kwa kawaida mwandishi huusubiri uso huo. Mwanamke wa mashine ya kukaushia alikuwa ameacha kukunja nguo.

"Basi alinidanganya," mama akasema. Si kwa hasira. Alisema kama mtu anayeweka kitu kizito chini. Kisha akaipata kadi yake, ilikuwa ndani ya kifuko cha miwani, akanisomea namba.

Jumamosi iliyofuata nilimletea medali ya fedha ya Bikira Maria, niliyoitafuta duka la vitu vya ibada huko Fort Worth na kuichagua kwa uangalifu. Nilimwambia ni zawadi. Yeye akafungua waya wa shaba kwa meno, akanipa chipu bila kuitazama. "Chukua," akasema. "Wewe ndiye unayejua ni kitu gani." Hakuna aliyenisikia nikilazimisha, na sikulazimisha. Kufika mchana wa siku hiyo droo ya tatu ilikuwa imejaa. Nilimwita mume wangu aje aone. Alisimama pale na kikombe chake cha chai.

"Mama wa watu amebaki na nini?" akauliza.

"Na medali ya fedha. Nzuri kuliko hii mara kumi."

"Yeye ndiye aliyesema ni nzuri zaidi?"

Nikamwambia chai yake inapoa.

Niliandika makala katika jarida la chama, kurasa tatu, kuhusu chipu ya mwari iliyofutwa na maana yake: kwamba nyumba ile ilijifunga yenyewe kwa mpangilio, ikafuta mali yake kabla polisi hawajafika. Ilikuwa hoja mpya na wengi waliipenda. Kuhusu chanzo niliandika: ilipatikana kwa mjane, eneo la Fort Worth. Wiki ile mjane huyo hakuja kwenye chumba cha kufulia, wala iliyofuata. Nikadhani ni magoti.

Chama hukutana Houston kila vuli, katika ukumbi wa hoteli moja. Nilishuka kwa gari alfajiri, mwendo wa saa nne, chipu ikiwa kwenye kiti cha abiria ndani ya kiboksi chake. Niliiweka mezani juu ya kitambaa cheusi, makala pembeni. Watu walikuja, wakatazama, wakanipongeza. Baada ya chakula akaja mzee mmoja ambaye nilikuwa namfahamu kwa sura, mtu wa maneno machache, fundi wa chuma mstaafu aliyetumia maisha yake kuchonga vipuri vya mitambo ya mafuta. Aliomba ruhusa ya kuishika. Akatoa lenzi, akaigeuza, akakaa nayo kwa muda mrefu.

"Nani kakwambia hii ilifutwa?" akauliza.

"Tundu."

"Tundu limekwambia hivyo?" Akacheka kidogo puani. "Njoo huku kwenye mwanga, binti. Nyumba haitoboi moja moja. Inazipanga kama vipande vya mkate, inazibana, inapitisha drili mara moja. Matundu yote yamenyooka. Hili limelala, unaona? Drili ilishikwa kwa mkono. Na hapa pembeni, mchubuko huu. Alianza, drili ikateleza, akaanza upya."

Nilichukua lenzi. Mchubuko ulikuwapo, mfupi kama kope. Nilikuwa nimeuona kabla na katika makala nikauita uchakavu.

"Na upande wa pili udongo ulibanduka kidogo drili ilipotokea," akaendelea, "kisha mtu kaulainisha kwa msasa. Nani anayefuta chipu halafu anaipiga msasa? Na angalia alivyomkwepa ndege. Nyumba haijali inapopiga. Huyu alijali." Akanirudishia. "Makala yako imeandikwa vizuri, lakini."

Nilifunga meza yangu kabla ya wengine. Katikati ya njia ya kurudi nyumbani nilisimama kwenye kituo cha mapumziko cha malori, nikatoa daftari la mwaka ule kutoka kwenye begi. Huwa natembea nalo. Nikaipata tarehe. Yalikuwapo kwa mwandiko wangu safi: *Drili iliteleza, akajikata kidole gumba.* Chini yake, kwa wino mwekundu ambao huutumia kwa maoni yangu, nilikuwa nimeandika: *kumbukumbu ya familia, si ya kutegemewa.*

Shahidi aliyekuwapo, aliyefua damu kwa mikono yake, aliniambia mara tatu. Mimi nikamsahihisha kwa jambo nililosoma kuhusu chipu nyingine.

Kwa jarida haikuwa tabu. Makosa ya magazeti yana nafasi yake; unaandika masahihisho, mistari minne, yanachapwa mahali ambapo hakuna anayesoma. Niliyaandika usiku uleule. Kwa mama hakukuwa na ukurasa wa hivyo. Jumamosi nikaacha meza yangu na foleni yake, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili, nikagonga.

"Karani," akasema. Hakushangaa. "Umeleta barua?"

"Hapana mama. Shikamoo."

"Marahaba. Pita."

Rozari ilikuwa imetundikwa kwenye msumari kando ya kalenda ya parokia, na medali yangu iling'aa kama siku niliyoinunua. Niliweka chipu mezani, nikampa lenzi, nikamwonyesha mchubuko. Nilimweleza maneno ya fundi, yote, pamoja na msasa na kumkwepa ndege. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu sikuwa na mpangilio. Nilianza mwisho nikarudi mwanzo.

"Alitoboa yeye," nikasema. "Ulichoniambia kilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekosea."

Alikaa na lenzi jichoni. Nje watoto walikuwa wakigombania baiskeli kwa Kiingereza.

"Msasa," akasema hatimaye. "Ndiyo. Alikuwa nao mfukoni kila siku, unatoboa mifuko ya suruali." Akaweka lenzi chini taratibu. "Unajua nilifanya nini, mwanangu? Wiki ile ile nilikwenda kaburini. Mjukuu alinipeleka. Nikamwambia, miaka arobaini na miwili, na bado unanidanganya kwa kitundu? Kama kitundu ni uongo, yale mengine je? Yale ya njiani, ya kambini, ulivyoniambia ulikuwa wapi zile siku tisa, nayo je? Nikaondoka. Sijarudi tena. Hata misa ya marehemu wote, wenzangu walipopeleka maua, mimi nilibaki hapa. Nilisema magoti."

Sikuwa nimewahi kusikia habari za siku tisa. Nilitaka kuuliza, Mungu anisamehe, mkono wangu ulisogea kwenye begi lenye daftari. Nikaurudisha.

"Nisamehe, mama."

"Una gari?"

"Ninalo."

"Twende kaburini. Maneno haya si ya kuniambia mimi hapa."

Makaburi yako Fort Worth, upande wa mashariki, uwanja tambarare wenye mawe ya kulala yanayofanana. Alijua njia. Alitembea mbele yangu kwa fimbo yake mpaka kwenye jiwe la mumewe, akaondoa majani makavu kwa ncha ya fimbo, kisha akasogea pembeni kama mtu anayempisha mgeni kiti.

"Sema," akaniambia.

"Niseme nini, mama?"

"Wewe ndiye uliyemsingizia. Mwambie."

Sijawahi kuona haya kama siku ile, na katika kazi yangu ya zamani nilifukuzwa milangoni mara nyingi. Nilisimama mbele ya jiwe na kiboksi mkononi. Nikamsalimia. Nikamwambia mimi ni karani wa chumba cha kufulia. Nikamwambia kwamba mkewe alinieleza ukweli, mimi nikamkatalia. Kwamba tundu alitoboa yeye mwenyewe, kwa drili ya hoteli, likalala kidogo, na kwamba fundi mkubwa wa Houston ameitazama kazi yake na kusema aliyeifanya alijali. Sikujua jinsi ya kumaliza, kwa hiyo nikasema, "Ndiyo hivyo, baba."

Mama akaja mbele. Aliongea Kirundi, kwa muda mrefu, sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeongea kutoka jikoni na mwenzake aliye sebuleni. Sikuelewa. Wakati fulani alicheka. Wakati mwingine alinyoosha kidole gumba chake mwenyewe akakitazama.

Tuliporudi garini nilimpa kiboksi.

"Hapana," akasema.

"Ni chako, mama. Ni kazi ya mikono yake."

"Najua ni kazi yake. Tundu nimemrudishia leo. Lakini ndege siwezi. Zamani nikimshika nilikuwa naona mlango wa tabernakulo, naona misheni, naona mume wangu anawasha mishumaa. Sasa naona watu wanacheza karata nyuma ya mkahawa wa samaki. Nimejaribu. Kabla sijakupa, ile wiki, nilijaribu kila siku. Umenieleza vizuri mno." Akajifunga mkanda. "Hukuniongopea hapo. Hapo ulisema kweli, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi. Ndege wangu wa zamani utanirudishiaje?"

Nikawasha gari. Tukaenda mpaka taa za barabara ya Haltom City. Hapo akasema medali yangu ni nzuri, ila tundu lake limenyooka sana, na akaniuliza kama Jumamosi ijayo nitakuwepo, kwa sababu zahanati wamemwandikia tena.

Nimekuwepo kila Jumamosi tangu siku hiyo. Huja, tunasalimiana, tunasoma barua. Mara mbili amenipeleka kaburini, au mimi nimempeleka, na nimebaki garini. Chipu haimo tena droo ya tatu. Shimo la nne liko tupu, na mume wangu hajaliuliza. Ipo kwenye meza ninayoandikia, na waya wake wa shaba, ambao mama aliutupa mezani siku ile na mimi nikauokota kwa mazoea ya kuokota kila kitu. Kila chipu yangu ina kadi. Ya hii niliichana nikaandika nyingine. Picha: mwari. Rangi: ya maziwa. Kiwanda: kalibu ya farasi. Mahali: Galveston, baadaye Houston, baadaye Haltom City. Tundu: moja, kwa mkono, limelala. Mtoboaji: katekista, fundi wa hoteli. Kwenye mstari wa chanzo, ambapo kwa miaka yote nimeandika jina la kitabu au namba ya kadi ya oda, nimeandika: mke wake, aliyefua ovaroli.

Mstari wa mwisho wa kadi zangu ni wa mmiliki. Huo bado sijaujaza.